Nilivyogeuzwa Mtunzaji wa Baba Mkwe

Jumapili moja baada ya ibada, Mama Furaha alinikamata mkono mlangoni mwa kanisa letu hapa Mount Druitt, Sydney. Mama Furaha ametoka Bukavu, na maneno yake hayana kona. "Dada Wakesho," akasema, "toka urudie Italie unanyamaza tu. Ni nini ilikufikia kule?" Nikamwambia nilikula vizuri, na kwamba nyumba za kule ni za zamani sana. Akanitazama kama mtu anayesubiri chenji yake. Wengine wa kikundi chetu cha akina mama nao wakasogea, na mimi nikakumbuka nina shifti saa nane.

Nimejaribu kuwasimulia kwa mdomo, na kila mara nimeishia kwenye vichekesho, kwa sababu vichekesho vilikuwapo. Mkacheka, mkaenda zenu. Lakini vichekesho sivyo nilivyorudi navyo nyumbani. Kwa hiyo naandika. Habari za tiketi na viza naziruka, hazijawahi kumnufaisha msomaji yeyote. Na ninyi mnaomjua baba mkwe wangu, mkikutana naye dukani msimtazame kwa jicho lingine. Ni mzee, na yaliyompata yanamtosha.

Rooty Hill hadi uwanja wa ndege

Kwa wasiomjua: jina lake ni Domenico. Alikuja Australia akiwa kijana asiye na ndevu, na maisha yake yote ya kazi alimwaga zege. Ukitembea Blacktown, kuna uwezekano unakanyaga kazi ya mikono yake. Tangu mama mkwe wangu Rosa afariki anaishi peke yake Rooty Hill, na sisi tuko Doonside, kituo kimoja tu cha treni kutoka kwake. Ananiita Kesho. Wakesho lilimshinda, akalikata kichwa. Nilipomweleza maana ya kesho kwa Kiswahili alisema ni sawa, jina zuri, mtu wa kesho ni bora kuliko wa jana.

Dada yake, Assunta, alipiga simu kutoka kijijini kwao. Moyo wake umechoka, alisema, na anataka kumwona ndugu yake mara moja kabla haujasimama. Aliyepaswa kumpeleka ni mume wangu, Tony, lakini Tony alikuwa ndiyo kwanza amefanyiwa upasuaji wa goti, anatembelea magongo. Mzee mwenyewe ana dawa zake za moyo, na daktari hakutaka asafiri peke yake. Mimi ni muuguzi, na wazee ndio kazi yangu. Ikaonekana safari ile nimeumbiwa.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumamosi, na mnajua Jumamosi za Sydney: reli ilikuwa inatengenezwa, treni hakuna, mabasi ya badala yake yanazunguka kila mtaa kama yanatafuta mtu. Tulimkuta mzee amesimama mbele ya kituo kwa suti nyeusi, tai, na fulana ya sufu chini ya shati. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami.

"Baba, utaungua," nikamwambia.

"Watu watatutazama," akanijibu.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya Waitaliano. Mtu anaweza kuwa na matatizo yote ya dunia, mradi shati lake limepigwa pasi. Ndani ya sanduku lake nilikuta birika lake la kahawa na pakiti za kahawa alizonunua hapa hapa Rooty Hill. Alikuwa anapeleka kahawa Italia. Ni kama mtu wa Mombasa kurudi kwao na mzigo wa nazi. Nilipomuuliza alisema hana hakika kama ya kule bado iko vilevile.

Tony na watoto walitusindikiza hadi kwenye basi. Mwanangu Dom alimwambia babu yake "Bye, Nonno," akarudi kwenye simu yake. Rosa mdogo, binti yangu, alilia. Tukaondoka tumechelewa, na mzee njia nzima alikuwa akipapasa mfuko wa koti kuona kama pasipoti bado ipo.

Angani

Kwa Waitaliano, upepo ndio mchawi. Shingo ikikaza, ni upepo. Tumbo likiuma, ni upepo. Mtu akifa ghafla, watauliza kwanza kama alikaa karibu na dirisha. Ndege haijaacha ardhi, mzee ameshajifunga skafu, amefunga tundu la hewa juu ya kichwa chake na juu ya kichwa changu, kisha akanyoosha mkono akafunga la jirani yetu, Mwaustralia mmoja mwenye kaptula. Yule akalifungua. Mzee akalifunga. Ilibidi nibadilishane kiti na mzee ili mpaka uheshimiwe.

Alipotulia alianza kunifunza. Kahawa ya maziwa hainywewi baada ya saa sita mchana. Tambi hazikatwi kwa kisu. Huogi baada ya kula mpaka chakula kishuke. Hutoki nje na nywele mbichi.

"Nikinywa kahawa ya maziwa jioni kutatokea nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitakachotokea," akasema. "Watakujua tu."

Kwetu Taita nililelewa kwamba mke wa mtoto hakai kwenye kiti cha baba mkwe wala hapiti mbele yake anapokula. Sasa mzee alipitiwa na usingizi, kichwa kikadondoka begani kwangu, na bahari yote iko chini yetu. Niliwaza mama yangu angesema nini. Sikukisogeza. Baba yangu alifariki nikiwa bado shule ya msingi, na nasema bila aibu kwamba kwa saa zile nilijiona nina baba.

Roma hadi mlimani

Roma kulikuwa na mgomo wa treni. Kijana wa dirisha la tiketi alitutangazia kwa utulivu, kama anavyotangaza mvua mtu ambaye ana mwavuli. Basi la kwenda mlimani lingeondoka karibu na adhuhuri. Tukawa na asubuhi nzima ya kukaa juu ya masanduku.

Tulikwenda kunywa kahawa. Waitaliano wanakunywa kahawa kama dawa: wamesimama, kikombe cha kuoshea jicho, funda moja, kwaheri. Mzee alijinyoosha tai, akaweka kiwiko kwenye kaunta kama mwenyeji, akaagiza. Msichana aliyekuwa akihudumia akainamisha kichwa upande. Mzee akarudia. Msichana akatabasamu, akamjibu kwa Kiingereza kizuri kabisa.

Alilipa. Tulipotoka aliniambia, "Yule hasikii vizuri."

Mimi nilikuwa nimeelewa kila kitu alichoagiza, na hapo lazima niwaeleze jambo. Miaka ya mwisho ya mama mkwe wangu Rosa, ugonjwa wa kusahau ulimla Kiingereza chote, ikabaki lugha ya kijijini kwao tu. Yeye na mzee walitoka kijiji kimoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha na kumlisha, na mtu ukimlisha kila siku utajifunza anachokuomba. Kwa hiyo Kiitaliano changu ni cha vijiko, mataulo na maumivu, na ni cha kijiji kimoja tu cha mkoa wa Abruzzo, cha wakati ule Rosa alipokuwa msichana. Mzee alidhani najua maneno matatu manne ya jikoni. Sikuwahi kumsahihisha.

Ndani ya basi, mama mmoja mwenye mfuko wa njugu za mlimani zilizochomwa alimtazama mzee, akanielekezea kidevu, akauliza jambo. Nilishika neno moja nisilolijua: badante.

"Ni mwema sana," mzee akamjibu.

Mama yule akanipa njugu kiganja kizima, nami nikatabasamu kama mtu aliyesifiwa. Baadaye nilimuuliza mzee badante ni nini. Akasema ni mtu anayesaidia. Akageukia dirisha, akaanza kunionyesha milima.

Sasa najua. Badante ni mwanamke wa kuajiriwa anayelala nyumba moja na mzee ili kumtunza, na Italia ni nchi ya wazee. Kila kijiji kina wanawake wa Ukraine, wa Romania, wa Peru, wanaowashika mkono mama za watu huku mama zao wenyewe wamebaki mbali. Tuelewane: sikuona aibu kudhaniwa mtunzaji. Kutunza wazee ndiko kunakolipia nyumba yangu Doonside. Jambo lililoniuma lilikuja baadaye.

Kijijini

Jina la kijiji sitalitaja. Tulifika saa ambayo Italia imelala. Maduka yamefungwa, madirisha yamefungwa, hata mbwa hakutaka kuamka. Nilitaka kununua maji, nikaambiwa na mzee nisubiri jioni. Nchi nzima hufunga mlango ikala na kupumzika, na mwenye kiu atajijua.

Kwenye ukuta karibu na kanisa walikuwa wamebandika karatasi kubwa za vifo, zenye misalaba na majina, kama sisi tunavyobandika mabango ya mikutano ya injili. Mzee aliweka sanduku chini akasoma moja baada ya nyingine. "Huyu tulikaa naye dawati moja," akasema. "Huyu alikuwa na nyumbu mkorofi. Huyu… huyu nilidhani alikufa zamani." Barabara nzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemjua, na ukutani alijua karibu wote.

Loredana, binti wa Assunta, alitufungulia. Ni mwanamke wa makamo, mwepesi, anafanya kazi duka la dawa. Alimbusu mzee mashavu yote, akalia, akamkumbatia tena. Kisha akanipa mkono. Mzee alipelekwa chumba cha juu chenye kitanda kikubwa. Mimi nilionyeshwa chumba kidogo kando ya jiko, kitanda chembamba, na ukutani kalenda ya maandishi nisiyoweza kuyasoma. Sikuwaza lolote. Hata kwetu, mke wa mtoto hulala karibu na jiko.

Bafuni nilikuta karai jingine lililojengwa chini, karibu na choo. Nikashukuru kwamba watu hawa wamefikiria mahali pa kufulia soksi. Loredana alinikuta nimeinama nasugua, akasimama kidogo, akarudi alikotoka. Jioni alinieleza kwa mikono karai lile ni la kuoshea nini mtu akitoka chooni. Mikono ya Waitaliano haiachi shaka.

Siku ya pili Assunta aliteremshwa kuja mezani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, mguu mmoja umevimba, midomo ina rangi ya zambarau. Kwa kumtazama tu nilijua moyo ule haukuwa na safari ndefu. Macho yake lakini yalikuwa meusi na makali. Yeye na mzee walikaa wameshikana vidole kama watoto waliopotezana sokoni.

Kisha Loredana akaja na sufuria, na mimi nusura nicheke. Ulikuwa ugali. Ugali wa mahindi ya njano, mwepesi kidogo kuliko wetu. Akaumwaga wote katikati ya ubao mkubwa uliofunika meza, akausambaza, akamwagia mchuzi wa nyanya na soseji juu yake. Hakuna sahani. Kila mtu anaanza kula upande wake kuelekea katikati, na anayekula upesi ndiye anayefika kwenye nyama. Niliwakumbuka kaka zangu. Kwa mara ya kwanza tangu tutoke Sydney nilijisikia niko kwa watu.

Assunta akauliza, "Na Tony? Bado hajapata mke?"

Uma wangu ulikuwa njiani kwenda mdomoni.

"Bado," mzee akasema. "Unajua vijana wa kule."

"Kijana gani? Si ana mvi sasa."

"Kazi zimemzidi."

Tony na mimi tuna miaka kumi na miwili ya ndoa. Mzee alicheza dansi kwenye harusi yetu mpaka akavua koti. Nilimeza ule ugali, nikausikia unavyoshuka. Loredana alinigeukia, akaanza kuzungumza polepole na kwa sauti kubwa, akionyesha kiboksi cha dawa cha mzee: asubuhi hizi, jioni hizi. Akaongeza kwamba mtunzaji wao wa Kiukreni amerudi kwao, mpya hajapatikana, je, kwa siku hizi nitaweza kumsaidia na mama yake pia, kumwogesha?

Nilimtazama mzee. Alikuwa anafuta upande wake wa ubao kwa kipande cha mkate, taratibu, kama anasawazisha zege.

Nikasema nitaweza.

Mtaniuliza kwa nini sikusema ukweli pale pale. Nililelewa kwamba mkwe haaibishwi mbele ya watu wake. Na tena nilitaka aseme mwenyewe. Nilimpa nafasi mpaka ubao ukaondolewa mezani.

Jioni kijiji kiliamka. Watu walivaa vizuri, wakatoka, wakatembea barabara moja kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama wamedondosha kitu na wanakitafuta kwa heshima. Hawaendi popote. Ndiyo matembezi yao. Mzee alisimamishwa na wazee wawili waliomkumbuka, na kila mara mimi nilijikuta nimebaki hatua moja nyuma, nimeshika koti lake. Tulipofika mwisho wa barabara, kwenye ukuta mfupi unaotazama bonde, nilimwambia akae.

"Baba, mimi ni nani hapa?"

Hakujifanya hakuelewa. Hilo nampa.

"Tony alipokuoa nilimpigia Assunta simu nimwambie," akasema. "Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye. Binti wa jirani yake ameolewa na mtu wa Nigeria, kijiji kizima kinazungumza. Alikuwa anacheka. Nikanyamaza. Nikasema nitamwambia siku nyingine."

"Siku hiyo haijafika?"

"Nilidhani sitarudi. Mtu asiyerudi anaweza kusema lolote."

"Na watoto?"

Alitazama bondeni.

"Dom ana jina lako, Baba."

"Najua ana jina langu."

"Basi mwambie."

"Ana moyo mgonjwa. Umemwona. Nikimwambia sasa atakufa."

"Mimi ni muuguzi," nikamwambia. "Watu hawafi kwa kuambiwa wana wajukuu."

Akashika mkono wangu. Mkono wake ulikuwa umepoa. "Niachie siku hizi chache, Kesho. Nitamwambia mwenyewe. Usimwambie wewe."

Nikaahidi. Tukarudi nyumbani kwa barabara ile ile, katikati ya wale watu waliovaa vizuri. Tony alipopiga simu nilimwambia baba yako anakula vizuri.

Assunta nilimwogesha asubuhi, kabla hajala kitu, kwa sababu huko kuoga umeshiba ni kujiua. Madirisha yalifungwa yote, na chini ya mlango tukaweka blanketi lililokunjwa ili upepo, yule mchawi, asipite. Nilimwosha mgongo, kisha nywele. Zilikuwa laini, chache, kama za mtoto mchanga. Nikamwambia ainamishe kichwa nimfunge taulo.

"Sema tena," akasema.

"Nini, Mama?"

"Hilo neno la taulo. Hakuna anayelisema hapa tena. Loredana mwenyewe halijui. Nani amekufundisha?"

"Mama mmoja kule Sydney."

"Mama huyo ni Rosa. Rosa alikuwa akivuta maneno hivyo hivyo, kama anayavuta kutoka kisimani." Alinigeuzia sikio la pili nilikaushe. "Na Domenico unamwita babbo."

"Kwetu, Mama, mzee yeyote ni baba."

"Sikuuliza habari za kwenu. Nimekuwa na watunzaji watatu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuninyang'anya chumvi mezani vile wewe unavyomnyang'anya ndugu yangu." Akageuza shingo, akanitazama. "Wewe ni mke wa Tony."

Nilikuwa nimeahidi. Nikasema, "Maji yanapoa."

Alicheka bila sauti, mabega tu. "Sawa. Hukuniambia. Nionyeshe watoto."

Nilikausha mikono, nikachukua simu. Aliishika karibu sana na uso, akapitia picha moja moja. Kwa Rosa mdogo alikaa muda mrefu. Alipofika kwa Dom alisema, "Masikio ya baba yangu. Maskini mtoto." Akauliza majina, nikamtajia, na aliposikia kwamba mmoja ni Domenico na mwingine ni Rosa aliweka simu mapajani, akatazama ukuta.

Baadaye akauliza kama Rosa alikufa vizuri. Nikamwambia alikufa asubuhi, ameoshwa, nimemshika mkono. Akatikisa kichwa kukubali.

"Ndugu yako angekuambia wakati ule mimi na Tony tulipooana," nikamuuliza, "ungesema nini?"

"Ningesema jambo baya," akasema. "Halafu ningezoea."

Nilipomvika sweta alinishika kifundo cha mkono. "Ndugu yangu asijue kwamba najua. Akiwa na la kusema, ana mdomo."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu kwangu kuliko shifti yoyote niliyowahi kufanya. Nilikaa katikati ya wazee wawili, kila mmoja akinitazama nisiseme. Na kila mlo Assunta alimfungulia ndugu yake mlango. Aliufungua wazi kabisa.

"Tony jioni anapikiwa na nani, akiwa peke yake?"

"Anakula kwa majirani."

"Nguo zake?"

"Kuna mashine."

"Krismasi unakaa na nani, Domenico? Nyumba haina kelele za watoto?"

"Nimezoea," mzee akasema, akaomba divai.

Nilikuwa nimesimama kwenye sinki, nimewapa mgongo. Niliosha sahani moja mpaka Loredana akaja kuitoa mikononi mwangu.

Kurudi

Kuaga kwa Waitaliano hakuna tofauti na kwetu: mtu anaaga sebuleni, anaaga mlangoni, anaaga barabarani, na kila anapoaga anakumbuka habari mpya. Neno lao la kwaheri halisemwi mara moja, linamwagwa kama mchele. Basi lilikuwa tayari uwanjani, injini inanguruma, na sisi bado tunabusiana. Assunta alitolewa akiwa kwenye kiti chake hadi mlangoni, amefunikwa blanketi hadi kidevuni.

Hapo Loredana alinigeukia. Alisema kwa haya kidogo kwamba mtunzaji mpya bado hajapatikana, na mama yake amenizoea kuliko wote. Je, siwezi kubaki? Mzee angepata mtu mwingine kule Sydney, bila shaka.

Assunta alimtazama ndugu yake. Sijawahi kuona mtu akimtazama mwenzake namna ile, wala sitaki kuona tena. Lilikuwa jambo la maneno mawili. Kwa lugha yao ni mawili tu: mkwe wangu.

Mzee alishika ukosi wa koti lake. "Haiwezekani," akasema. "Ana kazi kule."

Assunta alifumba macho, akayafumbua. "Ana nyumba yake, Loredana," akasema. "Mwache aende kwake." Akaniita, akashika uso wangu kwa mikono yote miwili, akanibusu shavu hili na hili na paji la uso. Loredana alitutazama kwa mshangao. Mzee alikuwa ameshatangulia kwenye basi, anahesabu masanduku.

Ndani ya ndege alilala ameegemea dirisha. Hatukuzungumza ila habari za dawa na choo. Sydney tulipokelewa na mvua, na Tony akiwa ameacha gongo moja.

Tony nilimwambia usiku ule ule. Kesho yake alikwenda Rooty Hill peke yake, akarudi mapema kuliko nilivyotegemea. "Alilia," akaniambia. Nikauliza wewe je. Akasema hajui. Watoto wanaendelea kwenda kwa babu yao kama zamani. Hawajui lolote, na sijaona faida ya wao kujua.

Rooty Hill tena

Loredana alipiga simu wiki chache kabla ya Krismasi. Assunta alikuwa ameamka, akanywa kahawa, akarudi kulala, basi. Tony alikuwa kazini, kwa hiyo ilibidi niende mimi kumwambia mzee.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamwagilia mabilingani. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kama tunavyofundishwa: maneno machache, yasiyozunguka. Aliinama, lakini bomba hakuliachia. Maji yaliendelea kumwagika kwenye shina moja, yakajaa, yakaanza kuchuruzika njiani.

"Amekufa bila kujua," akasema baadaye. "Sikumwambia, Kesho. Amekufa hajui kama nina wajukuu."

Assunta aliniomba ninyamaze, nami nilinyamaza muda wote alipokuwa hai. Pale bustanini sikuona tena ninamlinda nani.

"Alijua, Baba."

Akageuka.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomwosha nywele."

"Ulimwambia."

"Hapana. Alisikia ninavyoongea, akamjua Rosa. Nilimwonyesha watoto. Alisema Dom ana masikio ya baba yenu."

Nikadhani atacheka. "Sasa mbona hakuniambia? Tulikaa meza moja kila siku. Mbona hakusema?"

Ningeweza kumdanganya. Wagonjwa tunawadanganya kila siku kwa mambo madogo, tunasema haitauma. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa katikati.

"Alikuwa anakungoja wewe," nikamwambia.

Aliweka bomba chini bila kulifunga, akaingia ndani, akarudisha mlango. Nilimsikia akivuta kiti cha jikoni. Jua lilikuwa kali, na safu mbili zilikuwa bado kavu. Nikaokota bomba nikazimalizia, kwa sababu mimea haikuwa na kosa.